Maswali ya Wasomaji: Igizo Ambalo Bado Liko Jikoni

Kwa wiki mbili sasa meza yangu imepokea barua nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zinazungumzia jambo moja, yaani igizo jipya la muziki linaloonyeshwa kwa majaribio hapa Bagamoyo kabla ya kuzinduliwa rasmi mwishoni mwa mwezi. Ni hadithi ya fundi wa majahazi, mkewe na binti yao mwimbaji, na nyimbo zake hupigwa kwa ngoma, zumari, fidla na kinanda. Jina lake silitaji kwa makusudi, na sababu yangu mtaiona katika jibu la nne. Nimelitazama mara tatu, kila mara nikiwa safu ya mwisho, mahali ambapo mtu huona jukwaa na huona pia migongo ya watazamaji. Katika wiki za majaribio mimi huitazama zaidi migongo.

*Shikamoo Mwalimu. Nilikwenda kuliona igizo hilo Alhamisi ya kwanza kwa kiingilio cha shilingi 5,000. Onyesho lilisimama mara mbili kwa sababu jahazi la jukwaani lilikwama, na sehemu ya kwanza ilikuwa ndefu mno. Mdogo wangu alikwenda wiki iliyofuata, akarudi akisimulia wimbo ambao mimi sikuusikia kabisa, na tukio la sokoni nililoliona mimi yeye hakuliona. Je, si kweli kwamba sisi wa mwanzo tuliuziwa mchezo mbichi? — Msomaji, Dunda*

Marahaba, mwanangu. Mliuziwa mchezo mbichi, na ile nusu ya kiingilio mliyopunguziwa ndiyo iliyokuwa fidia ya ubichi huo. Ninachokubaliana nawe ni kwamba waandaaji walipaswa kulisema jambo hilo waziwazi, kwani kwenye bango la mlangoni neno «majaribio» lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo kiasi kwamba mimi mwenye miwani nililiona siku ya pili.

Utaratibu wenyewe haukubuniwa hapa. Nchini Marekani, kwa miaka mingi, igizo la muziki lililokusudiwa kumbi za Broadway mjini New York lilitangulia kuonyeshwa katika miji kama New Haven, Boston, Philadelphia au Washington, ili kasoro zake zionekane mbali na nyumbani. Igizo la Oklahoma! lilipoonyeshwa New Haven mwezi Machi 1943 liliitwa Away We Go!, na kufikia tarehe 31 ya mwezi huohuo, lilipozinduliwa New York, lilikuwa limebadili jina, na wimbo uliolipa jina hilo jipya ulikuwa umepangwa upya ili uimbwe na kundi zima. Likaonyeshwa mara 2,212. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 1962, pale igizo la vichekesho la A Funny Thing Happened on the Way to the Forum lilipofika Washington na watu wakakaa bila kucheka, ingawa waigizaji walikuwa hodari na mizaha ilikuwa mizuri. Jerome Robbins, mwongozaji aliyeitwa kuja kusaidia, aliona kwamba kosa liko kwenye mlango wa kuingilia: wimbo wa ufunguzi ulikuwa mpole, wa mapenzi, kwa hiyo hakuna aliyekuwa amewaambia watazamaji kwamba usiku ule wamekuja kucheka. Stephen Sondheim, mtunzi wa nyimbo za igizo hilo, akatunga wimbo mwingine wa kufungulia, uliotangaza vichekesho tangu neno la kwanza, na mizaha ileile iliyokuwa ikianguka chini ikaanza kuitikiwa. Igizo hilo likaonyeshwa zaidi ya mara 900.

Siku hizi maigizo mengi hufanyiwa majaribio katika ukumbi uleule yatakamozinduliwa, watu wakifanya mazoezi mchana na kuonyesha usiku, na ndivyo wanavyofanya hawa wetu. Igizo la muziki lina haja kubwa zaidi ya siku hizo kuliko igizo la maneno matupu, kwa sababu waimbaji hufanya mazoezi kwa majuma mengi wakiwa na kinanda kimoja tu, wapigaji wengine huungana nao mwishoni, kisha taa na maleba huja juu ya yote hayo, na mpaka watu wakae vitini hakuna ajuaye makofi ya kila wimbo yatachukua muda gani. Hapa kwetu si makofi peke yake. Kigelegele kimoja kikianzia upande wa kina mama hujibiwa na kingine, na mwigizaji aliyeanza kusema maneno yake kabla havijaisha amezungumza na hewa.

Kuhusu urefu wa sehemu ya kwanza, Alhamisi hiyo mimi niliihesabu kuwa dakika 95. Watu wengi waliondoka wakati wa mapumziko, na nyuma ya pazia waigizaji walianza kuaminiana kwamba igizo limekataliwa. Msimamizi wa jukwaa, mwanamke mwenye akili tulivu, alitoka nje akamuuliza mlinzi wa lango, naye akamjibu kwamba wale ni watu wa Zinga na Mapinga wanaowahi daladala la mwisho. Wazo la kwanza lilikuwa kuanza mapema, lakini kuanza mapema katika mji huu ni kugongana na sala ya Magharibi au ya Isha, na hakuna mwandaaji mwenye busara anayetaka ugomvi huo. Kwa hiyo saa ikabaki ileile, na zikakatwa dakika 22. Tukio lako la sokoni lilikwenda na dakika hizo. Nalisikitikia kidogo, maana yule muuza madafu alinifurahisha, lakini bila yeye hadithi inakwenda vizuri zaidi.

*Mwalimu, mama yangu ana miaka sabini na mbili na tangu usichana wake ni mtu wa taarab. Tulimpeleka kwenye igizo hilo, na binti wa fundi alipoimba wimbo wa kumlilia baba yake, mama aliinuka na noti mkononi akaelekea jukwaani kumtunza. Mhudumu wa ukumbi, kijana mdogo, alimshika mkono akamrudisha kitini. Mama aliona aibu na hataki tena kusikia habari za igizo hilo. Nani alikosea? — Mwanawe, Magomeni*

Mfikishie mama salamu zangu na umwambie kwamba hakukosea. Kijana yule alikosa adabu hata kama alikuwa na amri ya wakubwa wake, kwani mtu wa umri ule hashikwi mkono mbele za watu, huinamiwa, akanong'onezwa.

Lakini swali lako ni zito kuliko lilivyoulizwa, na ndilo lililowanyima usingizi waandaaji wa igizo hili zaidi ya jahazi lililokwama. Katika pwani yetu, mwimbaji akianza kuimba, mlango kati yake na watu hufunguka. Anayejua taarab anajua kwamba mtu huinuka na fedha yake, akaenda taratibu kwa mwendo wa muziki, akaitoa pale ambapo ubeti umemgusa, au pale anapotaka fulani aliyekaa safu ya tatu ajue kwamba ubeti ule ni wake. Vikundi vya utamaduni vilivyotamba Dar es Salaam miaka ya 1980 na 1990, kama Muungano na Tanzania One Theatre, viliweka ngoma, sarakasi, maigizo na taarab katika usiku mmoja, na watazamaji wakazoea kwamba kwenye kipande cha igizo wanakaa, na kwenye kipande cha taarab wanainuka. Sasa anakuja mtunzi na igizo ambalo ndani yake wimbo ni sehemu ya hadithi, na anayeimba si mwimbaji bali ni binti aliyefiwa. Mama yako aliona wimbo, akafanya linalofanywa wimbo unapoimbwa.

Angalau hivyo ndivyo nilivyofikiri, mpaka Jumapili nilipomwona bibi mwingine ambaye hakuna aliyemzuia. Wimbo huohuo. Binti amepiga magoti kando ya ubao mmoja wa jahazi, na kati ya ubeti wa pili na wa tatu fidla inapiga peke yake. Bibi akaja kwa njia ya katikati, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, akapanda vidato viwili akijishika goti. Hakucheza. Hakuipeperusha noti juu kama inavyofanywa ukumbini. Aliikunja mara nne, ile ya shilingi 2,000, akaichomeka kwenye fundo la kanga begani kwa binti, akamgusa kichwa mara moja kwa kiganja, akarudi alikotoka. Wala hapakupigwa kigelegele. Mwigizaji aliweka mkono juu ya lile fundo na akaimba ubeti wa tatu wote mkono ukiwa palepale.

Yule bibi hakuwa akimtunza mwimbaji. Alikuwa akitoa ubani. Alikuwa amemwona mtoto aliyefiwa na baba, akafanya jirani afanyavyo, na sidhani kama mtunzi yeyote duniani anaweza kuletewa ushahidi mkubwa kuliko huo kwamba hadithi yake imeaminiwa. Huenda mama yako naye alikuwa akifanya hivyohivyo; muulize, kwa upole.

Najua mwongozaji alikuwa na mawazo mengine, na sababu zake si za kipuuzi. Mmoja akiinuka kwa ubani, wanaofuata huinuka kwa sababu mmoja ameinuka, na Ijumaa moja walifika kumi na moja, wawili wao wakijipiga picha na marehemu asiyeonekana, na wimbo ukapotea kabisa. Kwanza aliweka wahudumu wa kuzuia, nawe umeyaona matokeo yake. Kisha akafanya jambo la kifundi ambalo nalisifu: kile kipande cha fidla, ambacho ndicho kilichokuwa kikiwapa watu nafasi ya kuinuka, kilifupishwa hadi kikabaki cha pumzi moja tu, na mtu akishaanza kufikiria kusimama, ubeti wa tatu umeshaanza. Halafu, katika tukio la matanga la sehemu ya pili, wakatandika mkeka ukingoni mwa jukwaa wakaweka sahani. Mara ya tatu nilipokwenda, sahani ilikaa tupu kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu, kila mtu akimsubiri mwenzake, mpaka bibi mmoja akamsukuma mjukuu wake mgongoni, mtoto akaenda na sarafu yake, na baada yake watu wakaenda kwa utaratibu kama msibani kweli. Fedha za sahani hiyo zinagawiwa vipi nimeambiwa ni mjadala mkali nyuma ya pazia, nami siingii.

Mrudishe mama. Mwambie sahani ipo.

*Mwalimu, mimi ni mmoja wa waigizaji, naomba nisitambulishwe. Ninapoletewa habari kwamba jahazi limezama, mimi huanguka na kulia, na kila usiku watu hucheka. Wenzangu wananiambia watu wa hapa hawajui igizo, wamezoea vichekesho vya televisheni. Nimeanza kuchukia kupanda jukwaani. — Mwigizaji*

Mwanangu, usikubali neno hilo la kwamba watu wa hapa hawajui igizo. Mji huu una chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, hicho ambacho leo ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na tamasha la kila mwaka lililoanza 1982. Mvuvi wa hapa ameona ngoma na maigizo kutoka nchi ambazo wengi wenu hamjafika. Bibi aliyetoa ubani naye alikuwa amekaa miongoni mwa haohao wanaokucheka.

Nimelitazama tukio lako mara zote tatu, na mara ya pili sikukutazama wewe. Nilizitazama shingo za watu. Unapoanguka, shingo hazigeuki kukuelekea. Zinageukia kulia, kwenye kona, ambako yule mlevi mchekeshaji wa tukio lililotangulia bado amekaa juu ya tenga lake la samaki akisubiri taa zizimwe ili atoke. Hafanyi kitu, maskini, amekaa tu kwa heshima. Lakini dakika mbili kabla alikuwa amewavunja watu mbavu, na watu walikuwa bado wanamtazama kuona naye atafanya nini habari hiyo ikifika. Mcheko ni wake, wewe umeuangukia. Mwombe msimamizi wa jukwaa amtoe kabla ya mjumbe kuingia, pamoja na tenga, maana nina hakika tenga likibaki peke yake nalo litachekwa.

Lililobaki ni lako. Unaanguka mara tatu. Mara ya kwanza watu walishtuka, nilisikia. Ya pili walivumilia. Ya tatu wakaona mwigizaji anayeanguka. Mama wa pwani akiletewa habari kama hiyo, mara nyingi hukaa kimya kwanza, akauliza jambo lisilohusika, kama vile mjumbe amekula. Jaribu kukaa.

Nikuongezee la mbali kidogo ili usijilaumu kupita kiasi. Mwaka 1981 mjini New York igizo la Merrily We Roll Along, ambalo hadithi yake inasimuliwa kutoka mwisho kurudi mwanzo, liliwachanganya watazamaji wa majaribio hata wengi wakaondoka kabla ya mwisho, na waandaaji wakafikia kuwavalisha waigizaji fulana zenye maandishi ya kuwatambulisha ili watu wajue nani ni nani. Fulana hazikuliokoa, kwani lilifungwa baada ya maonyesho 16. Lakini liliporudi Broadway mwaka 2023, likiwa limerekebishwa na kuongozwa kwa namna nyingine, lilijaza ukumbi, na mwaka 2024 likapata tuzo ya Tony ya igizo bora la muziki lililorudishwa jukwaani. Waliochanganyikiwa mwaka 1981 hawakuwa wajinga, na nyimbo nazo hazikuwa mbaya.

*Je, ni halali kurekodi kwa simu na kuandika mtandaoni kwamba igizo ni baya kabla halijazinduliwa? — Kijana, Kaole*

Kurekodi, hapana, ni jasho la watu, na mwanga wa simu yako unamsumbua aliye nyuma yako, ambaye mara nyingi ni mimi. Kuandika ni suala jingine. Wahakiki wa magazeti wana desturi ya zamani ya kungoja usiku wa uzinduzi, nami naifuata, ndiyo sababu sijataja jina. Lakini desturi hiyo ina kikomo. Igizo la Spider-Man: Turn Off the Dark lilianza majaribio New York mwishoni mwa Novemba 2010 kwa gharama iliyofikia takriban dola milioni 75, uzinduzi ukaahirishwa mara kadhaa huku watu wakiendelea kununua tiketi, na Februari 2011 magazeti makubwa yakachoka kungoja yakachapisha uhakiki. Lilizinduliwa Juni 2011 baada ya maonyesho ya majaribio 182. Hawa wetu wameomba wiki tatu. Andika ukitaka, kwa kuwa umelipa, ila utaje tarehe uliyokwenda, maana ulichokiona Alhamisi huenda Jumamosi hakipo.

*Mwalimu, mlangoni tulipewa karatasi za maoni na kalamu. Mimi niliandika «Hongereni, mmejitahidi». Mume wangu anasema niliwatukana. Kweli? — Mama wa watoto watatu, Kiromo*

Mume wako amekaa pwani muda wa kutosha. «Mmejitahidi» ni neno tunalompa mtu ambaye pilau lake limeungua, tukaosha mikono, tukaaga. Niliruhusiwa kuzipitia karatasi za wiki ya kwanza, nazo zilikuwa rundo, na kwa kukadiria tu nusu yake zilisema mmejitahidi, nyingine zikasema Mungu awabariki, na moja ikaomba namba ya simu ya mpiga zumari. Mwongozaji, ambaye hakukulia upande huu, alizisoma kwa furaha. Ilibidi nimweleze, na kwa dakika kadhaa hakusema neno.

Sikulaumu. Adabu yetu haituruhusu kumwambia mwenye shughuli, mlangoni pake, kwamba shughuli yake imepwaya. Ndiyo sababu mimi husema kwamba maoni ya kweli ya watu wetu hutolewa ndani ya ukumbi, gizani, na hayaandikwi: kiti cha plastiki kikilia, kikafuatwa na kingine, kisha mtu akakohoa bila kifua, kisha mama akaanza kumfunga mtoto kanga upya ingawa haijalegea, hapo wimbo umezidi ubeti mmoja. Msimamizi wa jukwaa niliyemsifu juu ana daftari ambalo haandiki maneno ya watu, anaandika dakika. «Saa tatu na dakika kumi, viti.» Kutokana na daftari hilo zilipatikana zile dakika 22.

Hata hivyo karatasi si bure ukiijaza kama shahidi kuliko kama mgeni. Usijisumbue kusema igizo ni zuri au baya, wala usiwashauri waandike nini badala yake, kwa kuwa washauri wanao tele. Waeleze mahali ulipopotea njia, neno ambalo hukulisikia, saa uliyoitazama simu yako. Katika rundo lile lote, karatasi iliyofanya kazi kubwa iliandikwa kwa mwandiko wa mtoto wa shule, penseli, maneno manne: «Bibi simsikii, ngoma inazidi.» Nilipokwenda mara ya tatu, mpiga chapuo alikuwa amehamishiwa nyuma ya tanga la jahazi, na bibi wa jukwaani alisikika mpaka safu yangu.